Eee Mbili Tu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sina wa kumgawia hata robo. Niligombana na vijiko mbele ya watu mia mbili, kwenye harusi ya dada yangu wa damu, tena nikiwa nimevaa tai.

Mimi, Myron, ni fundi wa mashine za kupashia nyumba joto hapa Yorkton, mji wa baridi kali. Kazi hii niliipendea jambo moja: mtu anakufungulia mlango, unashuka chumba cha chini, na kule hakuna anayekuuliza habari. Watu wawili wakinitazama kwa pamoja, ulimi wangu unakuwa gogo. Tulipomzika baba nilisimama kanisani niseme neno, nikaziona zile nyuso, nikasema, "Ngoja nikaangalie mashine ya joto." Nikashuka. Mashine ilikuwa nzima. Nilikaa nayo mpaka watu wakatawanyika.

Kwa hiyo Larissa, mdogo wangu, aliponiambia, "Kaka, harusini utaongea wewe badala ya baba," nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na ukishuka chini," akasema, "safari hii nakufuata na shela langu."

Nilikuwa na wiki saba. Nikajiunga na kikundi cha kujifunza kuongea kinachokutana maktaba kila Jumanne. Pale, ukijaza pengo kwa "eee", unagongewa kengele. Mwenye kengele alikuwa Verna, dereva mstaafu wa basi la shule, mama aliyezoea kunyamazisha watoto hamsini kwa kuwatazama tu kwenye kioo. Siku ya kwanza nilipewa dakika moja nizungumzie supu.

"Supu, eee..." Ting! "Supu ni, eee..." Ting!

Nilipokaa, Verna alishusha miwani. "Kumi na moja, mpenzi. Na supu yenyewe hatujaionja."

Kulikuwa na kazi ya nyumbani pia: kila siku msemeshe mtu usiyemjua, na usimuulize hali ya hewa. Huku kwetu kumkataza mtu hali ya hewa ni kumkata ulimi. Kwenye foleni ya kahawa nikamuuliza mzee mmoja kama ana furaha. Akaniachia nafasi yake, akatoka nje. Kesho yake nikamuuliza mteja mmoja picha iliyo ukutani ni ya nani. Ilikuwa ya farasi wake wa zamani. Nilisimuliwa farasi yule kuanzia kuzaliwa hadi kaburini, nikaondoka na chupa ya viazisukari vyekundu vya siki na, cha ajabu, hamu ya kurudi. Wiki ya sita nilikuwa nimebakiwa na kengele nne.

"Nne!" Verna akasema. "Wewe unataka kunifukuzisha kazi."

Siku ya harusi, pirogi, zile sambusa zetu za viazi za kuchemsha, zikaliwa, jina langu likaitwa. Nikasimama.

"Larissa alipozaliwa, eee..."

Ting!

Nikashtuka. Nikaanza upya. "Alipozaliwa mimi nilikuwa na miaka tisa, eee..."

Ting! Ting! Ting! Kila pembe ya ukumbi.

Sasa, nani huku asiyejua kwamba wageni harusini hugonga glasi kwa vijiko mpaka maharusi wabusiane? Mimi mwenyewe nimevunja glasi mbili kwa kugonga. Lakini woga ulikuwa umenifuta kila kitu kichwani isipokuwa kengele. Nikamtafuta Verna kwa macho. Verna hakualikwa. Nikaamini ukumbi mzima umejiunga na kikundi.

"Nani anahesabu?" nikapaaza sauti. "Nimesema eee mbili! Mbili tu! Hizo nyingine mmezitoa wapi?"

Vijiko vikanyamaza. Curtis, bwana harusi, ambaye midomo yake ilikuwa njiani, akageuka polepole.

"Shemeji," akasema, "wanataka tubusiane tu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ngazi ya kushuka chini niliiona, kushoto kwa keki. Mguu mmoja ulishaelekea huko. Hapo ndipo nikagundua kwamba nimetoka kuwafokea watu mia mbili, na ulimi haukuwa gogo.

"Basi busianeni upesi," nikasema, "nina maneno machache na nayaogopa."

Wakabusiana. Nikasema kwamba baba, kila asubuhi ya baridi, aliviweka viatu vya Larissa kwenye tundu la hewa ya moto kabla hajaamka, akidhani hakuna anayemwona. Alipolazwa hospitali, niliviweka mimi, na Larissa akanilalamikia kwamba havijaiva. "Curtis, dakika kumi," nikasema. "Tano hazitoshi. Eee... ni hayo tu."

Hakuna kijiko kilichogongwa.

Nilipokaa, mjomba Orest akaniinamia kutoka meza ya jirani. "Ile si hotuba, Myron. Viatu, na ugomvi na vijiko! Kwa binti yangu mimi niliongea dakika arobaini bila karatasi."

"Nakumbuka, mjomba. Niliota ndevu."

"Cheka tu. Hotuba ya heshima ina mwanzo na mwisho."

"Yangu ilikuwa na mwisho."

"Mwisho gani? Eee ni mwisho? Umemharibia mtoto wa watu siku yake!"

Larissa alikuwa amesimama nyuma yake, wanja umemwagikia mashavuni.

"Mimi nilitaka kaka, mjomba," akasema. "Hotuba ningekodi."