Sauti ya Kiti cha Kushoto

Probox ya mzee Radjabu ina usukani kulia, kama magari mengi yanayoletwa Bujumbura kutoka ng'ambo, na kwetu nako magari hupita upande wa kulia wa barabara. Dereva akikwama nyuma ya lori haoni kitu ila lori. Anayeona mbele ni aliyekaa kushoto, na miaka yote hiyo ilikuwa kazi ya mkewe, Hadidja. Radjabu aliuliza, "Nipite?" Hadidja akachungulia, akajibu pita au ngojea. Kila ndoa ina mapenzi yake. Yao yalikuwa hayo.

Hadidja alipofariki, Radjabu alitandika kitenge cha marehemu juu ya kiti kile na kukataza mtu yeyote kukikalia. Wajukuu walibanana nyuma huku mbele kukiwa wazi. Majirani wa Buyenzi walisema ni huzuni tu, itapoa. Hawakujua kwamba kila Ijumaa, akienda kaburini Kanyosha, mzee aliendelea kuuliza, na kwamba alijibiwa.

Binti yake Sumaya aliona mikwaruzo ubavuni mwa gari, mpya kila baada ya muda. Kumwambia mzee macho yamechoka ni kujitafutia maneno; huyu alikuwa fundi wa magari tangu ujana, na kwake walioharibika ni madereva wa siku hizi. Basi Sumaya akatumia akili. Alibandika simu mbele ya usukani inase barabara na sauti, na kila Jumamosi wangetazama pamoja kilichonaswa, amwambie lililo zuri na lililo baya. Siku watakayoona jambo la kutisha, ufunguo utabaki kwa Sumaya. Radjabu alikubali haraka, kwa kiburi. Bila gari asingefika kaburini kwa miguu yake ile iliyochoka, lakini hakudhani kwamba atashindwa.

Jumamosi ya kwanza alisifiwa kwa mwendo na kwa kuwapisha watembea kwa miguu. Aliambiwa anasahau kuwasha taa anapokata kona. Alicheka, akajirekebisha.

Jumamosi iliyofuata walitazama kwenye simu safari ya kaburini, gari likipanda mlima wa Musaga. Mbele kulikuwa na lori la saruji likipanda kwa kujikokota. Radjabu akajisikia mwenyewe akiuliza kwa upole, "Nipite?" Kisha kimya, injini tu. Kisha akasema, "Haya, mama," na gari likatoka. Basi dogo lilikuwa linashuka, likimjia usoni. Liliyumba, likaingia mtaroni na watu wake wakipiga kelele.

Mzee alikumbuka siku ile vizuri. Alikumbuka na jibu alilopewa. Akaomba irudiwe, akasogeza sikio. Kimya kilekile.

"Baba, ulikuwa unauliza nani?"

"Mama yako. Aliniambia pita."

Sumaya alizima simu. Alikuwa analia. "Apana, baba. Mama aliogopa ule mulima. Pale Musaga hakukwambia pita hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Katika maisha yao yote, Hadidja pale alisema ngojea, na Radjabu alinung'unika na kungojea. Kama si Hadidja, ni nani aliyekuwa akikaa naye mle garini, kwa sauti ya Hadidja?

Alitoa ufunguo, akauweka mkononi mwa binti yake. Sumaya aliutazama, akamrudishia kwa sharti moja. Ijumaa iliyofuata Radjabu alikunja kitenge, na Sumaya akakaa kushoto.

Musaga wakakuta lori tena. Kabla hajauliza chochote, Radjabu aliisikia sauti, tamu, ileile aliyoipenda tangu ujana: pita.

"Ngojea, baba," Sumaya alisema. "Kuna gari."

Akangojea. Sauti ikarudia, safari hii kutoka kiti cha nyuma, karibu kabisa na shingo yake, ikimwita kwa jina ambalo mkewe peke yake alilijua. Alitamani kuitikia kuliko alivyotamani kitu chochote. Machozi yalimtoka, na mguu wake ukabaki kwenye breki.

"Sumaya," alisema, "we sema tu. Usinyamaze mpaka tufike."