Jina la Kibira Ubaoni

Katika somo la historia ya sanaa, kwenye shule ya misheni ya Walikale mwaka 1953, chini ya kila picha ya Ulaya mwalimu Édouard aliandika ubaoni jina la aliyeichora. Mwanafunzi wake Isidore alipomsimulia hayo babu yake Kibira, mzee alitoa kapuni uso mdogo wa mbao aliouchonga ujanani, ambao wasiopita jandoni hawakuruhusiwa kuuona.

"Peleka," alisema. "Lakini utaje jina yangu."

Kesho yake darasani, uso ulipowekwa mezani, Gatera, mwanafunzi aliyetoka Masisi, aliangua kicheko.

"Kaka, hii iko ya mulozi ao ya kutishia kuku?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akanyamazisha watu, akashika chaki. "Nani aliuchonga?"

Isidore aliona macho yote yamemgeukia. "Sijui, Mwalimu."

Ubaoni pakaandikwa: Mchongaji hajulikani.

Jioni Kibira alimngoja uani, amevaa koti lake la Jumapili.

"Mujukuu, waliandika jina yangu?"

"Waliandika, Babu."

"Sijaionaka imeandikwa hata siku moja. Nionyeshe vile iko."

Isidore aliokota kijiti, akaandika KIBIRA mavumbini. Mzee aliinama, akaitazama herufi moja baada ya nyingine. Kisha akaanza kufukuza kuku wasizikanyage, na kila alipopita kwenda jikoni alizizunguka kwa mbali, huku mjukuu wake ameinamisha kichwa, ameukumbatia uso ule wa mbao.