Tangi la Chewa

Baba alivaa shati lake la kazi, lile lenye nembo ya jumba la maonyesho ya samaki, ingawa alistaafu miaka mitatu iliyopita. Sikumkataza. Mzee akishaamua jambo, hata umlilie hasikii.

Jicho la kulia lilishazimwa na presha ya macho, likabaki la kushoto. Daktari alitueleza waziwazi: siku hili nalo likianza kufifia, apasuliwe haraka, likizima, hakuna la kufanya. Ndiyo maana kila mwezi alimhesabisha vidole, na kila mwezi baba alijibu sawasawa. Mimi nilimleta kuwaona samaki wake, wa bahari yetu hii hii, wakati bado anaweza.

Alinishika kiwiko, eti nisipotee, akaanza kujigamba. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewalisha, tangi kwa tangi, kwa mpangilio uleule.

"Hawa ni samaki taa," akasema kwenye kioo cha kwanza. "Yule mdogo ana haya kama wewe ulivyokuwa."

Kwenye kioo cha pili akasema, "Pweza huyo. Usimkodolee macho, atanuna."

Nikacheka. Roho yangu ilitulia kabisa.

Tangi la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote, na maji yalikuwa yametolewa. Ndani mlikuwa na ndoo, mpira wa maji na fundi wa ovaroli akisugua kioo.

Baba aliweka mkono kwenye kioo, akasogeza uso, akatabasamu. "Chewa wangu. Ona alivyonenepa, mvivu huyu!"

Fundi akanitazama.

"Unamwona, baba?"

"Si huyo anapiga miayo?"

"Tangi ni tupu!" Nilipaza sauti mpaka watu wakageuka.

Mkono wake ulibaki palepale kwenye kioo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Jicho lilianza kufifia kabla ya mvua. Mwezi uliopita likazima."

"Na vidole ulihesabuje?"

"Daktari yule huanza na viwili, halafu vinne, halafu kimoja. Habadilishi." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Niliogopa kisu, mwanangu."

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia zaidi. Kila mwezi nilikuwa nimekaa palepale kliniki, kiti cha pembeni, na kila alipopatia nilimpigia makofi.