King'ora na Halua

Serikali ilipoweka king'ora Heyl Sidri, ilifanya kazi ya kusifiwa. Kilisikika hadi mashamba ya mitende ya juu kabisa, na Shekhe Muhanna, mzee wa kijiji ambaye hajasikia neno la mke wake tangu harusi, alikisikia akiwa msalani. Wataalamu waliotoka Maskati walieleza kila kitu taratibu, kwa michoro: mvua ikinyesha milimani, chombo kilichofungwa huko juu kitayaona maji kwanza, king'ora kitalia, na watu watapata kama nusu saa ya kujiokoa kabla mafuriko hayajafika korongoni.

Kikalia. Na watu wakaitumia nusu saa yao vizuri mno. Wakakunja mikeka, wakachukua madele ya kahawa, wakawapakata watoto, wakateremka korongoni kuyapokea maji. Zamani mtu alikuwa anaweza kulala usingizi wa mchana akapitwa na mafuriko, akabaki kuhadithiwa. Sasa hakupitwa mtu. Shekhe Muhanna aliteremka na kiti chake cha plastiki akakitia ukingoni kabisa, maana macho yake si mazuri.

Bi Zuweina, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya maafa, alisimama juu ya paa la nyumba yake akauona umati ule, akahesabu wanakamati wenzake waliokuwamo, akakuta wamo wote.

Tuseme kweli, lakini. Watu wa Heyl Sidri si wajinga. Kwao maji ya korongo ni baraka. Babu zao walikaa miaka wakiyaomba, na yalipokuja, mtu hakukaa ndani kama mwenye kinyongo. Alitoka akamshukuru Mungu na kuchovya miguu. Taabu ni kwamba maji yenyewe yamebadilika tabia. Siku hizi dhoruba zinatoka baharini bila kujali msimu, na maji yaliyokuwa yakija na hodi sasa yanakuja yamesimama wima, rangi ya udongo, yamebeba magari ya watu. Maji yamejifunza mambo mapya. Watu bado wako kwenye somo la zamani.

Kamati ikakutana. Kamati ya Ustahimilivu wa Jamii, ndilo jina lake, na wanakamati walilipenda sana kwa kuwa lilikuwa refu.

"Tuweke uzio," akasema mmoja.

"Wataukalia," akasema Bi Rayya, jirani wa Bi Zuweina, mwanamke mwenye neno kwa kila kitu. "Mtakuwa mmewawekea viti."

"Basi tuzime king'ora," akasema Shekhe Muhanna. "Kabla yake hatukuwa na msongamano ukingoni."

Walicheka, lakini Bi Zuweina hakucheka, kwa sababu mzee alisema kweli. Mwaka uliopita, katika kijiji cha bonde la pili, watu watano walichukuliwa wakiwa na simu mkononi, wanapiga picha. Na yeye alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kutocheka. Jina lake Azani.

Azani ndiye mwanawe wa pekee, miaka thelathini, na mke wake ni Landikruza nyeupe. Maji yakishuka, wenzake wanatazama, yeye anaingia. Anavuka kwenda, anavuka kurudi, kanzu haijapata tone, na watu ukingoni wanampigia makofi na kumrekodi. Picha zake zilikuwa zimetazamwa hadi Salala, mwisho wa nchi. Kamati ilipotafuta mkuu wa kikosi cha uokoaji, ilimchagua yeye kwa kauli moja, kwa kuwa ana uzoefu wa kuingia majini. Uzoefu wa kutoka wangeuona mbele ya safari.

"Mama, mimi nalijua korongo hili," alikuwa akimwambia.

"Unalijua," Bi Zuweina humjibu. "Nalo je, linakujua wewe?"

Alichoka kuwahubiria. Mwenye macho haambiwi tazama, na watu wake walikuwa na macho ya kutosha. Ndipo akaliona jambo ambalo michoro ya Maskati haikuwa nalo: hutawazuia watu wa Heyl Sidri kutazama, ila unaweza kuwachagulia mahali pa kutazamia. Juu ya kilima ipo skuli yake ya zamani, na kutoka uani unaliona korongo lote, tangu pale linapotoka milimani. Akaitangazia kamati: king'ora kikilia, kahawa itanywewa skuli. Kahawa na halua.

"Halua ya nani?" Bi Rayya akauliza.

"Ya Nabhani."

Hoja ikapita hapohapo. Nabhani ni mpishi wa halua wa ng'ambo ya korongo, na halua yake, yenye zafarani na lozi, huwezi kuila umesimama.

Basi ikawa. Mara ya kwanza walipanda nusu, nusu nyingine wakateremka kama kawaida. Mara ya pili, walioteremka walisikia walichokosa, na hakuna maonyo yatakayomuumiza mtu kama sahani aliyoikosa. Kufikia majira ya baridi, king'ora kikilia kijiji kizima kilikuwa kinapanda kilima kwa mwendo wa haraka, Shekhe Muhanna mbele na kiti chake. Maskati wakaandika kwamba jamii imeonyesha mwamko. Hawakuandika mwamko wa nini.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala, Bi Zuweina aliitazama milima akaiona imekuwa nyeusi kama sufuria. King'ora kilikuwa bado, lakini alijua kitalia. Akaenda kabatini akafungua bakuli la halua. Tupu. Wageni wa juzi walikuwa wameikomba hadi pembeni.

"Azani! Vuka haraka kwa Nabhani, chukua halua. Korongo kavu. Ukikuta limeanza kushuka maji, kaa hukohuko."

"Mama, kumbe unajua kuomba msaada kwa mkuu wa uokoaji," akasema, akapanda gari.

Hajashuka hata garini kwa Nabhani, king'ora kikalia. Watu wakapanda. Walipanda wengi kuliko siku zote, maana ilikuwa Ijumaa na jamaa wa mjini wamekuja kutembea. Mikeka ikatandikwa uani, kahawa ikazungushwa, tende zikapita. Kisha mikono ikaanza kupunguza kasi. Mtu hali tende akashiba anapojua kuna halua.

"Tende za mwaka huu nzuri," akasema Shekhe Muhanna, akitazama mlango wa jikoni.

"Nzuri sana, ami," akasema Bi Rayya. "Ndiyo maana tunazila peke yake."

Bi Zuweina akahisi uso unamwaka moto. Ulikuwa umati wake, alioualika mwenyewe, na jamaa wa mjini wamekaa mbele ya sinia la kokwa za tende. Hapo simu ikalia. Azani.

"Mama, nimeshapakia. Niko ukingoni. Maji ndiyo kwanza yameanza, ya kifundo tu. Wageni wamefika?"

"Wamefika."

"Wamejaa?"

"Wamejaa."

"Basi nivuke? Dakika moja tu."

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifundisha mwaka mzima, amelibandika kwenye mlango wa msikiti: korongo likianza, hakuna kuvuka, hata maji ya kifundo. Akalitazama sinia. Akamtazama mwanamke mmoja wa mjini aliyekuwa anapapasa kokwa moja kwa kidole, kwa adabu.

"Haya, angalia mwenyewe," akasema.

Maneno matatu. Alipokata simu alitamani kuyarudisha, akapiga tena, na simu haikupokelewa.

Waliliona gari kutoka kilimani, dogo, jeupe, likiingia. Lilikwenda vizuri hadi katikati, kama linavyokwenda siku zote, na vijana wawili watatu wakaanza kushangilia. Kisha maji ya kifundo yakawa ya goti, bila hata kupumzika, na gari likasita. Likasimama. Juu zaidi, pale korongo linapotoka milimani, ukuta wa udongo ulikuwa umeshapinda kona.

Bi Zuweina alisimama. Hakukumbuka kusimama, alijikuta tu ameshika lango la uani, mguu mmoja njiani kuteremka. Nyuma yake alisikia mlio mkubwa wa nguo na mikeka. Akageuka. Wote walikuwa wamesimama. Wanaume wamekunja kanzu, wanawake wamewapakata watoto, Shekhe Muhanna ana kiti chake mkononi. Walikuwa wanamngoja yeye apige hatua ya pili.

"Twende, Mwalimu!" mtu akapaza sauti. "Twende tukamtoe!"

Njia ya kuteremka inaishia kwenye majaruba ya ukingoni, na majaruba ndiyo ya kwanza kuliwa na maji. Angepiga hatua moja, watu mia tatu wangepiga mia tatu nyuma yake, kwa mapenzi, kwa sababu Azani ni mtoto wa kila mtu, na kwa sababu tangu mababu zao hawajawahi kukosa mafuriko. Na ule ukuta usingewauliza wamekuja kutazama au kuokoa.

"Kaeni chini!" akasema.

Ilikuwa sauti ya skuli, sauti ya miaka thelathini. Hawakuamini masikio yao, lakini magoti yao yaliamini. Wakakaa. Shekhe Muhanna, ambaye hajawahi kusomeshwa naye wala na mtu mwingine, alikaa chini sakafuni akakisahau kiti.

"Zuweina," Bi Rayya akanong'ona, "mwanao yumo mle."

"Najua nani yumo."

Na yeye akakaa. Akaligeuzia korongo mgongo, akawaelekea watu, kwa sababu alijijua: akiyatazama yale maji atakimbia, na akikimbia wote watakimbia. Akachukua dele, akamimina kahawa kwenye kikombe cha kwanza alichokiona. Kikajaa, kikamwagika, akaendelea kumimina. Mwenye kikombe alikuwa yule mwanamke wa mjini, na hakuutoa mkono wake.

Basi Bi Zuweina aliyaona mafuriko kwenye nyuso za watu. Aliona mikono ikipanda midomoni kwa pamoja. Aliona baba mmoja anamfumba mtoto wake macho. Nyuma yake alisikia mngurumo, na ndani ya mngurumo sauti ya bati linalokunjwa. Bi Rayya, mwenye neno kwa kila kitu, alifunua mdomo na hakukuwa na neno ndani.

"Nini?" akauliza Shekhe Muhanna. "Nini jamani? Nani ananiambia?"

Bi Zuweina aliomba. Hakuomba maneno aliyofundishwa. Alisema moyoni, niachie huyu, mengine yote chukua, na halua chukua, na kamati chukua, na mimi.

Muda ukapita, sijui mrefu sijui mfupi; yeye hawezi kukwambia. Kisha uso wa Bi Rayya ukakunjamana, na alipolia ndipo Bi Zuweina alipohisi roho inamtoka.

"Kashika mtende," Bi Rayya akasema. "Ng'ambo. Yule... yule kashika mtende, Zuweina! Anapanda! Mwehu yule anapanda!"

Uani kukalipuka vigelegele. Bi Zuweina hakugeuka.

Jioni simu ililia, jina la Nabhani. Aliogopa kuipokea, akaipokea.

"Mama."

"Naam."

"Gari limekwenda."

"Nimesikia."

"Na halua imekwenda."

"Waile samaki, wana bahati. Umeumia?"

"Mkono kidogo. Na magoti." Alimsikia anavuta pumzi. "Mama, nilipokuwa katikati nilitazama ukingoni. Nikasema watu watakuja, siku zote wapo. Hakuwapo mtu. Hata wewe hukuwapo."

Alikuwa na maelezo. Alikuwa na mwaka mzima wa maelezo, yenye michoro.

"Nilikuwa na wageni, mwanangu," akasema, na alipolisikia neno lile likitoka akatamani ardhi immeze. "Ningeshuka mimi, wangeshuka wote."

"Najua. Sikulaumu." Akacheka, cheko la mtu anayetetemeka kwa baridi. "Nakuambia ukweli, Mama, usimwambie mtu. Wangekuwapo na simu zao nisingeliacha lile gari. Ningeona haya. Kule kilimani ni mbali, hakuna wa kunipiga picha, hakuna wa kupiga makofi. Nikajitazama, nikasema, sasa hapa namfia nani? Ndipo nikafungua mlango nikaruka."

Bi Zuweina akairudisha simu mapajani. Alikaa palepale kwenye mkeka, katikati ya vikombe na kokwa za tende, mbele ya kijiji kizima na jamaa zao wa mjini, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Na watu wa Heyl Sidri, ambao hawajawahi kuacha kutazama kitu, waliinamisha macho wakaanza kukunja mikeka.