Piza Aliyokula Bi Mashavu

Kwa miezi miwili ya kwanza, oveni ya umeme ya Zuena haikutoa kitu cha kumwekea mgeni mbele. Aliinunua Kariakoo, ile ndogo ya kuweka mezani, akaipakata kwenye basi mpaka Kibiti kama mtoto mchanga. Piza ya kwanza iliungua juu, chini ikabaki mbichi. Ya pili ilikauka hata mumewe Twalibu akaivunja kwa goti, huku anacheka. Mwisho Zuena akaenda kwa fundi wa mageti karibu na stendi, akakatiwa bamba la chuma la kuenea ndani ya oveni. Akaliacha lipate moto nusu saa nzima ndipo akalaza unga uliokandwa juu yake. Siku hiyo piza ilitoka na madoa ya kahawia chini kama chapati, na jibini juu likichemka mapovu. Zuena aliipiga picha kumi na moja kabla hajaikata.

Alikuwa karani wa masijala, mwanamke mchangamfu, mkarimu, mwenye kasoro moja ambayo hakuna aliyewahi kumwambia. Neno "sijui" lilikuwa zito kinywani mwake. Ukimuuliza faili liko wapi, atakujibu papo hapo liko kabati la pili, kisha ukishageuka ndipo aanze kulitafuta. Mara nyingi alilipata, na kwa hiyo tabia ile haikuwahi kumuumbua.

Twalibu alikuwa dereva wa kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Ijumaa moja adhuhuri alipita nyumbani mbio mbio, wageni wakimsubiri garini, akamwachia mkewe boksi la vyakula walivyobakiza wageni waliotangulia.

"Weka kwenye friji, nitarudi Jumapili," alisema, akaondoka.

Ndani mlikuwa na vipande viwili vikubwa vya jibini, chupa ya zeituni, na bahasha ya kaki iliyokunjwa. Ndani ya bahasha kulikuwa na pakiti ya nyama nyekundu, imekatwa viduara vyembamba kama sarafu, ina chembechembe nyeupe za mafuta.

Kesho yake, Jumamosi, alikuwa anakuja Bi Mashavu. Huyu alikuwa shangazi yake Twalibu, dada wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa akiishi Chumbi, akilima mpunga, na kila Ijumaa alasiri aliwasomesha wanawake wenzake darasa la dini barazani kwake. Siku hizo alikuwa akifika hospitali Kibiti kwa ajili ya macho, na Zuena alikuwa amemwalika chakula cha mchana yeye pamoja na Sihaba, jirani wa ukuta mmoja.

Asubuhi Zuena aliitoa ile pakiti, akaigeuza mbele na nyuma. Maandishi hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza. Alitafuta neno la Kiingereza analoliogopa, hakuliona. Akatafuta na alama ya halali, nayo hakuiona. Alisimama pale jikoni na pakiti mkononi, kwa muda ambao baadaye alikuja kuukumbuka vizuri sana. Jibini lilitosha. Hoho zilikuwepo, vitunguu vilikuwepo. Lakini piza zote alizoziona kwenye simu zilikuwa na viduara kama vile. Akachukua mkasi, akaikata pakiti.

Meza ilipendeza. Sihaba alipiga vigelegele vya mzaha oveni ilipolia kwamba muda umekwisha. Bi Mashavu alikisogeza kipande chake karibu na macho yake mabovu, akakinusa.

"Nyama gani hii, mwanangu?"

"Ya ng'ombe, shangazi," alisema Zuena, hata pumzi hakuvuta. "Imekaushwa na viungo."

"Bismillahi," alisema Bi Mashavu, akala.

Alikula kipande cha kwanza, akaomba cha pili. Sihaba alikula vitatu. Wakati wa kuondoka Bi Mashavu akatia vipande vinne kwenye hotipoti yake ndogo. "Nikawaonjeshe wenzangu. Hawatasadiki kama imepikwa Kibiti hii."

Zuena alimsindikiza mpaka barabarani, moyo umemjaa raha. Aliporudi akakuta simu inaita.

"Nimepata mtandao sasa hivi," alisema Twalibu. "Sikiliza, ile nyama iliyo kwenye bahasha usiiguse. Nimemwekea Gervas, dereva mwenzangu. Ni kitimoto ile."

Zuena alizitazama sahani tupu mezani.

"Upo?"

"Nipo."

"Zuena, usiniambie umeipika."

"Nimeipika. Nimekula. Sihaba kala. Na shangazi kala."

Upande wa pili mlango wa gari ulisikika ukifungwa. Kisha Twalibu akasema polepole, "Kosa ni langu, ningekuambia. Wewe hukujua, na wao hawakujua. Mtu akila asichokijua hana dhambi. Nyamaza tu, liishe."

"Sawa," alisema Zuena. Habari ya swali la shangazi hakuigusa. Alimwacha mumewe abebe kosa lote.

Palepale akaanza kuosha. Alitoa bamba, trei, sahani na visu, akavipeleka uani na kuviosha kama alivyofundishwa madrasa kuhusu najisi ya nguruwe: mara saba, na mojawapo kwa udongo. Ndani ya oveni, kwenye koili za chini, mafuta yalikuwa yamedondoka na kugandia. Alisugua mpaka vidole vikachubuka.

Sihaba akachungulia juu ya ukuta. "We mama, leo sahani unaziosha kwa mchanga?"

"Kutu," alisema Zuena bila kuinua uso. "Lile bamba linatoa kutu."

Kwa hiyo sasa maneno ya uongo yalikuwa mawili.

Jumapili Twalibu alirudi, na hawakulizungumza. Jumatatu na Jumanne Zuena alikwenda kazini. Mtu aliuliza faili, yeye akabaki anamtazama. Kila alipotawadha alijiona kama mtu anayejipangusa uso ilhali miguu imo topeni. Alijiambia aliyoambiwa na mumewe, kwamba asiyejua hana dhambi, na kila mara fikra zake zilirudi pale jikoni, kwenye ule muda aliosimama na pakiti mkononi.

Jumatano mchana Bi Mashavu akapiga simu, sauti imechangamka.

"Mwanangu, umenipa jina huku! Wenzangu wote wanaulizia mkate wako ule. Hata hotipoti bado inanukia, nimeitilia uji asubuhi nikampelekea mgonjwa, kausifu. Sasa sikia. Mwezi ujao nina khitima ya marehemu mume wangu. Nataka unipikie kama ule, mikubwa miwili. Na usisahau ile nyama ya ng'ombe ya viungo."

"Sawa, shangazi," alisema Zuena.

Akakata simu. Uongo wake ulikuwa umemrudia kwa sauti ya mama mtu mzima asiye na habari. Na hotipoti ilikuwa inazunguka Chumbi, haijatoharishwa, inatiwa uji wa wagonjwa.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini. Akapanda kosta mpaka Ikwiriri, kisha bodaboda, akavuka daraja la Rufiji mpaka Chumbi. Njia nzima alipanga maneno: aanze na maandishi ya kigeni, aingie kwenye haraka ya Twalibu, mwisho ndipo ataje jambo lenyewe.

Bi Mashavu alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Mbona ghafla? Twalibu mzima?"

"Mzima." Zuena akaketi kwenye mkeka. "Shangazi, ile pakiti ilikuwa na maandishi ya huko kwao wageni, na Twalibu alikuja na haraka, watu wako garini, sasa..."

"Mbona unazunguka, mwanangu? Sema."

"Ilikuwa nguruwe, shangazi."

Ungo ukasimama. Bi Mashavu akauweka chini taratibu, mchele usimwagike. Akainuka, akaingia ndani, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa amebeba ile hotipoti, bakuli mbili na kijiko.

"Udongo uko kule mgombani," alisema. "Maji nitakumiminia mimi."

Wakachutama wote wawili. Shangazi alimimina, Zuena akasugua, na shangazi akahesabu kwa sauti ndogo. Walipofika mara ya tatu akasema, "Asiyejua hana dhambi. Hilo nawasomesha wenzangu kila siku. Tumbo langu silitilii wasiwasi."

"Ndiyo, shangazi."

"Lakini mimi nilikuuliza."

Zuena aliendelea kusugua.

"Nilikuuliza kwa sababu sioni vizuri. Ukanijibu. Ulikuwa unajua ni nyama gani?"

Angeweza kusema sikujua, na isingekuwa uongo. Alilitafuta lile neno, akalikuta halitoshi.

"Nilikuwa najua kwamba sijui," alisema.

Maji yalikoma kumiminika. Bi Mashavu alimtazama kwa macho yake yenye ukungu, akimsogelea kidogo kama anavyofanya akitaka kumtambua mtu. Kisha akainamisha tena kopo. "Nne," akasema.

Walipomaliza, wakaanika vyombo juani. Zuena alisema, "Kesho Ijumaa, shangazi. Nitakuja niwaambie wenzako mwenyewe."

"Hapana. Nitawaambia mimi. Nitawaambia vyombo vyao wavitoharishe, na kwamba mke wa mwanangu hakujua." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nitaishia hapo. Usinitake niseme zaidi."

Hapo ndipo Zuena alipolia. Alikuwa amejiandaa kwa ukali, hata kwa kufukuzwa. Hakujiandaa kumwona mwanamke yule, ambaye jambo kwake lilikuwa la kuelezwa lote au kuachwa lote, akikubali kulieleza nusu mbele ya wanafunzi wake kwa sababu yake. Bi Mashavu hakumbembeleza. Alirudi kwenye ungo wake, na baadaye akapika ubwabwa na kisamvu, wakala bila maneno mengi.

Jioni ile ile, kabla hajavua baibui, Zuena aligonga kwa Sihaba. Sihaba alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika kizingiti. La nguruwe alilipokea kwa kusema astaghafirullahi mara tatu. Kilichombadilisha uso ni kingine.

"Ile Jumamosi, uani. Nilikuuliza habari ya mchanga."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia kutu."

"Nilikuambia kutu."

"Haya," alisema Sihaba, akafunga mlango. Kwa wiki nyingi baada ya hapo salamu yake ilipitia juu ya ukuta, fupi, na watoto wake hawakutumwa tena kuazima chumvi.

Twalibu alielezwa habari ya lile swali usiku huo huo. Aliuliza mara moja tu, "Shangazi alikuuliza, ukamjibu hivyo?" Zuena akaitika. Twalibu akachukua ndoo, akatoka kwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Khitima ilisomwa Chumbi mwezi uliofuata, kukapikwa pilau. Zuena alikwenda mapema, akachambua mchele, akakuna nazi, akaosha masufuria. Wanawake walimwita kwa jina, wakamtania kama kawaida. Hakuna aliyemwuliza lolote, naye akajua shangazi alitimiza ahadi yake ya kuishia pale. Kila aliyemchekea alimfanya ainamie nazi zaidi.

Baada ya mvua Bi Mashavu alikuja tena hospitali Kibiti, akapewa miwani. Alipita kwa Zuena adhuhuri, akaketi mkekani, akageuza uso huku na huku kutazama nyumba aliyokuwa akiiona kwa ukungu mwaka mzima. Zuena aliandaa wali na mchuzi wa kambale. Aliweka sinia, akanawisha mikono ya shangazi, akaketi ng'ambo macho yakiwa chini, maana sasa shangazi alikuwa anamwona sawasawa.

Bi Mashavu alikula tonge mbili tatu, akaitoa miwani, akaifuta mvuke kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Niongeze mchuzi," alisema.

Zuena akamwongeza.