Picha ya Mwavuli, Longisa

Kampuni yetu ya chai inahurumia wafu tu. Mtoto wako akilazwa hospitalini, hiyo ni shida yako. Mtu wako akifa, unapewa ruhusa na msimamizi anakushika bega. Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kambi yetu hapa juu ya Mogogosiek, na nimebishana juu ya jambo hili mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Kwa hiyo Kepher aliposema mama mkwe wake amefariki, ruhusa aliyopewa siku hiyo hiyo haikunishangaza hata kidogo.

Kepher huendesha mashine ya kuchuna chai. Mashine hizo zimewarudisha kwao wachunaji wengi, na aliyebahatika kushika usukani anaitunza kazi yake kama yai. Mtoto wake wa kwanza, Aoko, alishikwa na nimonia wiki ile ile ambayo mkewe Quinter alipasuliwa kumzaa wa pili. Quinter alikuwa hawezi kusimama wima. Aoko alilazwa hospitali ya Longisa, na mtu alitakiwa kukaa naye wodini. Siku za likizo za Kepher zilikuwa zimeisha. Mzazi wako akifa, ofisi inataka barua ya chifu. Akifa mkwe, hawaulizi. Kepher si mjinga, alimchagua mkwe.

Ila hakumwambia mkewe. Ndipo nilipoingia mimi na jagi langu la maziwa na sukari, uso nimeukunja inavyotakiwa.

"Pole sana, Quinter. Mungu amempenda mama zaidi."

"Mama gani?"

"Mama yako. Kwani Kepher hajakwambia?"

Alipiga nduru ambayo ilisikika mpaka nyumba za mwisho, mkono mmoja ukiwa juu ya kidonda na mwingine ukimshika mtoto mchanga. Majirani wakatoka milangoni. Ule uongo wa Kepher ulithibitishwa na nduru hiyo zaidi kuliko na karatasi yoyote ya ofisi. Nikafunga mlango, nikamshikia simu, akapiga namba ya mama yake. Ikaita. Ikashikwa.

"Quinter, mbona unalia? Huyu mtoto amekula uji vizuri sana leo."

Mama yake, tunayemwita Mama Oyugi kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa amepanda kutoka Ahero kuja kupokezana na Kepher wodini, na wakati huo alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Aoko. Nilichukua simu nikamweleza yote. Halafu mama huyo akacheka mpaka akakohoa.

"Kepher ameniua? Sawa. Mwambie asinizike kabla mtoto hajatoka hospitali."

Nilimpenda siku hiyo hiyo. Tukakubaliana kunyamaza. Quinter akajifunga leso kichwani, akapokea pole za watu akiangalia chini, na kwa vile alikuwa mgonjwa kweli, hakuna aliyeshuku.

Sasa nimtaje Gibson. Gibson ni karani katika ofisi moja mjini Bomet, na ana kamera ndogo ya mfukoni, zile za zamani ambazo watu walikuwa wakibeba harusini kabla simu hazijawa kila kitu. Akipata nafasi anazunguka, anapiga picha, anaziweka kwenye grupu ya Facebook inayoitwa Picha za Mfukoni. Mtu wa bodaboda amelala juu ya kiti chake Silibwet. Mama wa kabichi anapiga miayo. Mbwa amejificha mvua chini ya banda la kupimia majani. Haombi ruhusa. Aliwahi kuandika kwamba mtu akijua anapigwa picha, anakaza shingo na uso wake unapotea. Binti yangu aliniingiza kwenye hiyo grupu, na sitasema uongo, nilikuwa nikiipenda. Kuna siku aliweka picha ya gambuti zangu zikikauka kwenye ua, nikatembea wiki nzima kama mtu aliyepewa cheo.

Basi siku ya pili ya msiba wetu wa bandia, nikafungua simu nikakutana na Kepher.

Picha ilikuwa ya nje ya geti la hospitali, mvua kubwa. Mama Oyugi ameshika thamosi, kitambaa chake cha rangi ya chungwa kichwani, anacheka mdomo wazi. Kepher amemshikia mwavuli, lakini mkono ameunyoosha wote, yeye mwenyewe yuko nje kabisa, shati limegandamana na mgongo. Kwa Waluo mwanaume hamkaribii mama mkwe wake, heshima inamweka mbali. Kwa hiyo mwavuli wote ulikuwa juu ya mama na mvua yote juu ya Kepher. Gibson hakujua lolote kati ya hayo, lakini jicho lake liliona. Chini aliandika maneno machache tu: "Longisa, mvua ya mchana." Watu walikuwa wameipenda kuliko picha zake zote.

Ni picha nzuri sana. Nasema hivyo hata leo, ingawa inanikera kusema. Niliiangalia, halafu nikakimbia kwa Quinter.

Aliitazama muda mrefu.

"Mama hana picha amecheka," akasema. "Zote anakaa ni kama ako kortini." Halafu akanirudishia simu. "Wataona, Janeffer. Watamfuta na hii nyumba ya kampuni watachukua."

Tukamwandikia Gibson. Tafadhali toa hiyo picha. Alijibu upesi, kwa adabu: "Samahani dada. Kuna shida gani? Watu wameipenda sana."

"Usimweleze," nikamwambia Quinter. "Mwambie tu hutaki. Akikataa, tutajua ya kufanya."

"Ameuliza vizuri, Janeffer. Siwezi kumnyamazia tu."

Akamweleza. Yote. Mtoto, nimonia, ruhusa, mkwe. Na Gibson, nimpe haki yake, aliiondoa picha pale pale. Nilirudi kwangu nikapika ugali nikala kwa amani.

Jioni nikaona maneno yake, marefu, bila picha. "Marafiki, wengi mmeniuliza picha ya mwavuli imeenda wapi. Nimeitoa. Yule baba anafanya kazi shamba la chai. Alinyimwa nafasi ya kukaa na mtoto mgonjwa, ikabidi aseme yule mama mkwe wake amekufa. Mimi sikujua. Nimetokwa na machozi. Sisi tunaopiga picha barabarani tujifunze kuuliza. Heshima kwake."

Hakutaja jina, na nina hakika alijivunia hilo. Watu wakaweka mioyo. Wakasambaza. Wale ambao hawakuwa wameiona picha wakaiomba, na wale waliokuwa wameihifadhi wakaileta, pale pale chini ya ile toba yake. Kabla ya hapo hakuna mtu kambini aliyekuwa amesema neno. Asubuhi ilikuwa kwenye simu ya Kiplangat, msimamizi wa Kepher. Siku hizi nikisikia kijana ana moyo mzuri, nauliza kwanza kama anaweza kuwa nao kimya kimya.

Kepher akaitwa ofisini, na mkewe pia. Mimi nikaenda kama mwakilishi.

Aoko alikuwa ametolewa hospitali asubuhi hiyo, na tulipofika tulimkuta Mama Oyugi kwenye benchi la varanda, mtoto mapajani, kile kitambaa cha chungwa kichwani. Alikuwa amekuja kumtetea mkwe wake. "Nitawaambia ni mimi nilimtuma aseme," akaninong'oneza. Nikamsihi anyamaze kwanza. Quinter akamkabidhi mtoto mchanga, naye akamzungushia mkono mmoja, mwingine ukimshikilia Aoko. Bwana Onsongo, ofisa wa wafanyakazi, alipita mbele yake akamsalimu, naye mama akaitikia vizuri.

Ndani tulikuwa watano: Onsongo, Kiplangat, Kepher, Quinter na mimi. Onsongo aliweka simu yake mezani, picha ikiwa wazi. Kepher alikuwa ameshaulizwa, na alikuwa amejibu akiangalia viatu vyake kwamba ni mama tu wa barabarani, yeye alimshikia mwavuli tu.

"Mimi sitaki kufuta mtu ako na mtoto mchanga," Onsongo akasema. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. "Lakini Nairobi wameona hii kitu, wanataka niandike. Nikiandika huyu ni mkwe, Kepher anaenda leo na nyumba mnatoa. Nikiandika ni mama hawamjui, basi hiyo ingine ni porojo ya Facebook, tunafunga." Akamgeukia Quinter. "Maneno ya bwana yako peke yake haitoshi. Nataka yako."

Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, na kwenye dirisha hilo kulikuwa na kitambaa cha chungwa, karibu hivi kwamba ningenyoosha mkono ningekigusa. Onsongo alijua. Kiplangat alijua, alikuwa anakuna ukuta kwa ukucha. Mimi niliyezoea kupiga kelele nilitafuta kifungu cha mkataba cha kusema, sikukipata.

"Bwana Onsongo, tufunge dirisha."

"Hiyo dirisha iliharibika kitambo, Janeffer."

Nje Aoko alikohoa, na Mama Oyugi akaanza kumbembeleza kwa Kijaluo, wimbo wa polepole. Quinter alikuwa akisikiliza.

"Quinter. Huyu mama unamjua?"

"Simjui."

"Sema vizuri niandike."

"Mama yangu alikufa," Quinter akasema. "Huyu simjui."

Wimbo ukakatika nje.

Onsongo akaandika. Akasimama, akatusalimu sote kwa mkono, akamwambia Kepher arudi kazini kesho na apunguze kuonekana onekana. Hivyo tu. Kazi ilibaki, nyumba ilibaki. Kama chama chetu hakina aibu, kitaniandika mimi mahali kwamba nilishinda kesi.

Tukatoka. Mama Oyugi alikuwa ameshasimama. Kepher alipomuua kwa maneno, mama huyo alicheka, kwa sababu Kepher ni mkwe, hakumzaa, na alifanya kwa ajili ya mtoto. Nilitafuta ule mcheko usoni mwake. Alimweka mchanga mikononi mwa Quinter, akamfunika shali vizuri upande wa upepo, akamsimamisha Aoko chini.

"Asante, mama," akasema, kwa sauti ambayo mtu anatumia kwa jirani wa foleni. "Huyu mkubwa amekunywa dawa ya asubuhi. Ya mchana bado. Mbaki salama."

Onsongo alikuwa mlangoni nyuma yetu, na wafanyakazi wawili wa ghala walikuwa wamesimama wakitazama. Mama Oyugi akachukua kiondo chake, akashika njia ya katikati ya chai kuelekea lami. Hakuwa anaharakisha. Nilitaka kumfuata, kisha nikaona kwamba nikimfuata mimi watauliza kwa nini, nikabaki.

Aoko ndiye aliyeanza. "Dani," akaita, Waluo wanavyomwita nyanya. Akaita tena kwa nguvu, akaanza kukimbia. "Dani, ningoje."

Quinter akainama na kidonda chake, mchanga begani, akamvuta mtoto kwa mkono. Akamziba mdomo kwa kiganja, mtoto aliyetoka kuugua kifua, akakishikilia hapo mpaka mama yake mwenyewe akapita kona.