Mpiga Picha wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu huniita mpiga picha. Si kwa ubaya, anasema, ila haoni tofauti kati yangu na yule wa picha za studio, isipokuwa mwenzangu huwaambia watu watabasamu. Nimefanya kazi ya eksirei miaka mingi, nimeona mbavu za nusu ya mji, na bado kwenye sherehe za familia mimi ndiye ninayekabidhiwa simu niwapige wengine picha.

Kwa hiyo hospitali ilipoleta mashine ya MRI na kutangaza kwamba wachache wetu watafundishwa kuitumia, niliomba kabla tangazo halijakauka gundi. Nilitaka kazi ambayo hata yeye angeiona ni kazi.

Mkufunzi wetu tulimwita Sumaku, si mbele yake. Mama mfupi, mwenye sauti ya upole inayokuacha na majeraha. Siku ya kwanza aliniona nikikimbilia nyuma ya ukuta mashine ilipoanza kugonga, akauliza nimemwona nani. Mazoea ya eksirei: unamsimamisha mtu, unajificha, unabonyeza, anayefuata. MRI haina mionzi ya kukimbia. Ina sumaku, na hiyo hailali hata mashine ikiwa kimya. Ukiingia na mkasi mfukoni, mkasi unakutangulia. Na mgonjwa analala ndani ya lile pango karibu nusu saa bila kujitikisa, kwa hiyo lazima akuamini kwanza.

"Picha nzuri inaanzia kwenye maswali," Sumaku alituambia. "Anayempeleka mgonjwa ndani ndiye anayemuuliza. Moyo una betri? Masikio, meno, nguo za ndani, kila kitu. Ukiona haya, rudi eksirei."

Mtihani wa mwisho ulikuwa kumhudumia mgonjwa mmoja, yeye akiangalia tu. Ukishindwa mara mbili, nafasi yako anapewa mwingine. Siku yangu ikafika, mlango ukafunguliwa, na mgonjwa wa maumivu ya kiuno akaingia na mkoba kwapani. Mama mkwe.

Sasa niambie, mkwe unamuulizaje habari za vyuma vya sidiria? Mimi na yeye hata mkono tunapeana kwa ncha za vidole. Nikauliza juu juu, nikiongea na viatu vyangu.

"Mama, huna chuma chochote mwilini, sivyo?"

"Chuma cha nini?"

"Basi, mama."

Kwenye kona yake Sumaku akaandika kitu, na mimi mjinga nikadhani ananisifu.

Tukafika kwenye mlango wa chumba cha mashine. Mama mkwe akajikuna utosini, na nywele zote zikasogea pamoja, kama kofia.

Zile nywele. Ambazo mke wangu hulalamika kila anapochana zake kwamba hakuzirithi. Wigi, na wigi hushikwa na vibanio, na vibanio ni chuma. Nikamdaka mama mkwe mkono, nikasema kwa sauti yangu ya eksirei, ile inayofika mwisho wa foleni: "Mama, simama hapo hapo. Hilo wigi litolewe."

Mfagiaji akaacha kufagia. Watu wa kwenye benchi wakainua vichwa.

"Wigi la nani?" mama mkwe akauliza taratibu. Akachukua mkoba wake akaondoka na mgongo wake mbovu, amenyooka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Jicho unalo," Sumaku akasema. "Umeshindwa."

"Lakini nimemzuia."

"Umemzuia mlangoni, mbele ya watu, kwa sababu uliogopa kumuuliza faragha. Na asingejikuna je?"

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, ila hawakusema kichwa cha mkwe.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapigiwa simu. "Mama anasema mashine yenu ni mbovu."

Kumbe wigi halikutajwa. "Ndiyo. Ni mbovu."

"Mashine mpya?"

"Imeharibika."

Nikabeba lawama za mashine nzima: kwa mke, kwa mashemeji, kwa shangazi yao aliyepiga simu kuuliza kama tulinunua mtumba. Iliniuma, sifichi. Niliumeza ulimi.

Siku ya marudio, Sumaku aliniambia mgonjwa ameomba mwenyewe apangiwe mimi. Nikamkuta mama mkwe chumba cha maswali. Nikafunga mlango. Sumaku akageuza kiti chake kuelekea dirishani. Nikaketi, nikamtazama mama mkwe usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nioe.

Nikauliza moyo, masikio, meno. Nikauliza nguo za ndani, jasho likanitoka, nikauliza hadi mwisho. Akajibu yote kama anamjibu karani wa benki.

"Na kichwani, mama?"

Akautazama mlango kama umefungwa. Kisha akatoa kibanio kimoja, akatoa kingine, akavua wigi akalipakata. Chini yake palikuwa na nywele chache nyeupe, laini kama za mtoto mchanga.

"Marehemu baba yenu hakuwahi kuniona hivi," akasema. "Na wewe hukumwambia mwanangu."

"Sikumwambia."

"Shangazi yao alikusumbua?"

"Sana, mama."

"Nilimtuma mimi. Nilitaka kuona kama utasema."

Nikamvisha kofia ya karatasi, nikampa kengele ya kubonyeza akizidiwa, nikamwingiza. Kila kelele zilipokatika nilimsemesha kwenye spika. Hakutikisika. Picha zikaja safi, pingili moja moja, na nyuma yangu nikasikia kalamu ya Sumaku ikitia saini.

Alipotoka, aliketi ukingoni mwa kitanda, kofia imeenda upande.

"Mpiga picha," akasema, "nimetokaje?"

"Majibu atakupa daktari, mama. Mimi siruhusiwi."

Akavua ile kofia, akajipapasa kichwa.

"Sikuulizi mgongo."

"Umetoka vizuri, mama," nikamwambia.